Uraia wa Dunia, Upande Huu wa Daraja

Nasteha, hooyo,

Shangazi zako wamekuchukua tangu adhuhuri kukuzungusha kwa jamaa wanaotaka kukuaga, na nyumba imetulia. Nimeketi kwenye meza ya jikoni, hapa ninaposahihishia karatasi za wanafunzi. Kesho baba yako atakupeleka Nairobi, na baada ya hapo utakuwa angani kuelekea Uturuki. Mambo ya nguo, dawa na laini ya simu tumeshayamaliza. Sitayarudia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo tulivyozoea tangu ulipokuwa bweni, kabla hujarudi kusoma hapa mjini. Kisomali chetu ni cha mdomo. Nikikiweka kwenye karatasi naona kama nimeandikiwa na mtu mwingine. Kiingereza ni cha kazi. Ila nitakuita hooyo kama kawaida, yaani mama, kama mama wa Kisomali anavyomwita mtoto wake. Wenzako huko watakuuliza kwa nini mama yako anakuita mama. Utawaeleza mara ya kwanza kwa furaha, baadaye utachoka.

Juzi tukitoka kununua sanduku, uliniambia ndani ya gari, "Hooyo, nikifika huko sitaki kuwa Msomali, wala Mkenya, wala mtu wa Garissa. Nataka kuwa mtu tu." Sikukujibu. Nilikuona ukinitazama kwa pembeni, ukidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nawapisha mbuzi barabarani, halafu nikaona jibu langu ni refu kuliko njia ya kurudi nyumbani. Basi nimeliandika.

Mimi nimewahi kuwa mtu tu. Ulikuwa mdogo, nilikuacha kwetu Eldas kwa ayeyo wako, bibi yako, nikaenda Ulaya kusoma shahada ya pili. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, wenye mvua na baiskeli. Wiki ya kwanza watu waliniuliza natoka wapi, nami nikasema Kenya. Wakasema, aah, Kenya, Nairobi! Nikasema ndiyo, Nairobi. Ilikuwa rahisi kuliko kuanza kueleza. Nairobi nilikuwa nimekaa kwa muda wa kungojea viza tu, nyumbani kwa binamu wa baba yako kule Isili, na nilikuwa natoka nje kwenda dukani na kurudi.

Kwa karibu mwaka mzima nikawa mtu wa Nairobi. Nilisimulia mvua zake, bustani zake, barabara ambazo sijawahi kuzikanyaga. Mtu akiniambia alikwenda huko likizo, nami natabasamu na kusema, ndiyo, pale pazuri. Wahadhiri walinipenda. Kwenye semina za uraia wa dunia, ambalo ndilo somo nililokwenda kulisomea, walikuwa wananigeukia na kuuliza, "Na Afrika inaonaje?" Nami naijibia Afrika. Niliijibia misitu, niliijibia maziwa makubwa, niliijibia hata uchimbaji wa madini, mimi niliyekulia penye mchanga na miiba.

Halafu akaja mwanafunzi mwingine kutoka Kenya, kijana wa Kayole, Nairobi kwenyewe. Tulikutana kwenye foleni ya chakula. Akaniuliza kwa Kiswahili, kwa furaha ya mtu aliyekosa lugha yake kwa siku kadhaa, "Unatoka Nairobi wapi, dada?"

"Isili," nikasema.

"Isili gani? Mtaa gani?"

Nikataja duka. Jina la mtaa silijui mpaka leo. Akacheka, wala si kwa ubaya; kwake kila Msomali ni wa Garissa. "Sema tu Garissa, dada. Hakuna anayekukataza."

Ilinibidi nirudi chumbani nikafikirie kama kuna anayenikataza. Sikumwona. Watu wa ule mji hawakujali hata kidogo kama natoka Nairobi au Eldas. Walikuwa tayari kunichukua kama nilivyo, lakini mimi niliwapa mtu ambaye hayupo, na huyo ndiye waliyekuwa marafiki naye. Nilipoondoka waliniaga kwa maua na kukumbatiana. Sikupoteza usingizi kwa hilo. Nilichogundua ni kwamba katika wote wale, hapakuwa na hata mmoja ambaye ningeweza kumpigia simu nikiwa na shida, maana ningelazimika kwanza kumweleza mimi ni nani.

Nimekuandikia hayo upesi kwa sababu hayo siyo makubwa yenyewe. Makubwa yalikuja niliporudi.

Chuo hapa Garissa kilikuwa kimeanzisha kozi ya lazima kwa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, Uraia wa Dunia, na nikapewa niifundishe. Ayeyo wako aliwatangazia watu wa Eldas kwamba binti yake anafundisha jiografia, na nikaona si vibaya, ilikuwa karibu na ukweli. Niliifundisha kama nilivyofundishwa. Wiki ya kwanza, maana ya uraia. Wiki ya pili, haki za binadamu. Kisha uhamiaji, mabadiliko ya tabianchi, teknolojia na faragha, na mwisho kabisa mjadala. Picha nilitumia zile zile nilizokuja nazo, zenye barafu inayoyeyuka na watoto wa rangi zote wameshikana mikono. Feni ya ukumbini ilikuwa mbovu, joto la Garissa unalijua, na wanafunzi waliyaandika yote niliyosema na kuyarudisha kwenye mtihani yakiwa salama salimini.

Abdullahi unamjua. Unamjua kama kijana aliyekuwa anakuja hapa kukufundisha hesabu, aliyekunywa chai yenye sukari nyingi na kukataa mkate. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa anasomea ualimu wa hesabu na fizikia, na kwenye kozi yangu alikaa safu ya mbele kwa sababu macho yake ni mabovu. Mwaka ule chuo chetu kilialikwa na chuo kimoja cha ng'ambo kupeleka mwanafunzi kwenye kongamano la vijana, na mwaliko ukasema apelekwe atakayeandika insha bora kuhusu maana ya kuwa raia wa dunia. Insha zilisomwa na watu watatu bila kujua majina. Wote watatu walichagua moja, ya Abdullahi.

Nilimwita ofisini nikampa habari. Nilitegemea ataruka. Aliketi, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mwalimu, mpe anayefuata," akasema.

"Kwa nini?"

"Sina pasipoti."

"Pasipoti inatengenezwa. Kuna muda."

"Sina kitambulisho, Mwalimu. Na sitapewa."

Ndipo aliponieleza, na nakueleza wewe pia, maana umekulia mji huu lakini nyumbani kwetu jambo hili halikupita mlangoni. Abdullahi alizaliwa upande huu wa mpaka, na baba yake, na babu yake. Alipokuwa darasa la nne ulikuja ule ukame uliomaliza ng'ombe. Baba yake alibaki na wanyama wachache waliokuwa wanakufa, na mama yake akawachukua watoto akaenda kambi ya wakimbizi, kwa sababu kule mkimbizi alikuwa anapewa unga na mafuta, na Mkenya hapewi. Akajiandikisha na watoto wake kama watu waliovuka mpaka. Watoto wakawekwa vidole kwenye mashine. Mvua iliponyesha wakarudi kwao, na hakuna aliyefikiria tena habari za vidole. Mpaka Abdullahi alipofikisha umri, akaenda kuomba kitambulisho, akaweka vidole kwenye mashine nyingine, na mashine ikasema huyu ni mkimbizi.

"Ukienda kambini?" nikamuuliza.

"Kambini wanasema mimi ni Mkenya. Hata wao wanajua."

Nilikuwa nimefundisha habari za watu wasio na uraia wa nchi yoyote kila muhula, katika wiki ya uhamiaji. Nilikuwa na picha za watu wa Asia kwa mada hiyo.

Nilifanya nilichoona kinafaa. Niliwaandikia wenye kongamano, wakasikitika sana, wakasema insha isomwe kwa niaba yake. Abdullahi mwenyewe alikubali. Alikaa na mimi tukaipunguza ifike muda uliowekwa, na pale nilipotaka kuongeza sentensi ya huzuni aliikata kwa kalamu nyekundu. Basi nikaenda mimi. Niliisoma mbele ya ukumbi uliojaa, na nilipomaliza watu wakasimama, wakapiga makofi muda mrefu. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele alilia. Baadaye walinizunguka kuniuliza maswali, wakanipa kadi zao, wakanipiga picha.

Niliporudi nilimletea zawadi ndogo, kalamu na mfuko wa kitambaa, na ile beji ambayo wenyeji walikuwa wamemchapishia kabla hawajajua kuwa haji. Juu yake jina lake, na chini ya jina, Kenya. Aliishika akaisoma.

"Hawa wamenipa Kenya bila msasa, bila hata kuniuliza babu yangu ni nani," akasema, na akacheka kweli. Kisha akauliza, "Walisemaje?"

"Waliguswa sana. Waliuliza wanaweza kufanya nini."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia waendelee kulizungumzia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya mwanafunzi akipata jibu lisilolingana na la kitabuni. "Na wanaendelea?"

"Sijui, Abdullahi."

Hakuna aliyeniandikia tena. Siwalaumu. Hata mimi nilirudi nikaingia kwenye ratiba, nikasahihisha mitihani. Nilikuwa nimesifiwa na mkuu wa kitivo kwa kulitangaza jina la chuo, na muhula ule nikapandishwa cheo. Nakuambia hili kama lilivyo, si kwa kujipiga kifua wala kujilaumu. Kisa chake kilinifaa mimi mapema zaidi kuliko kilivyomfaa mwenyewe.

Yeye ndiye aliyerudi ofisini kwangu. Alikuja na habari kwamba wazee na maofisa watakaa kuwapiga msasa, yaani kuwahoji kuhusu uraia wao, watu wenye tatizo kama lake, na kwamba mama yake ameitwa aje kueleza. "Mwalimu, nitakosa kipindi chako," akasema. Alikuja kuomba ruhusa tu.

Nikamwambia hatakikosa. Kipindi kitahamia huko.

Mkuu wa kitivo alikuwa mtu wa bara, wa upande wa Nairobi, mpole, mwenye hofu ya kazi yake kama watu wengi wa bara wanaoletwa huku. Aliniita. "Mada ya wiki hii ni mabadiliko ya tabianchi," akasema. "Imeandikwa. Huko unakotaka kuwapeleka ni siasa za hapa. Hii ni kozi ya uraia wa dunia."

"Huyu kijana aliandikishwa kambini kwa sababu ya ukame," nikasema.

Nikaendelea, kwa sauti ya kawaida, maana sikuwa na hasira naye. Nikamwambia kwamba unga alioufuata mama yake ulitoka nchi ambazo sisi tunaziita wafadhili, kwamba kambi ipo kwa mujibu wa mkataba ambao tunaufundisha wiki ya tatu, kwamba mashine ya vidole iko wiki ya tano. Kozi yangu yote ilikuwa imemkalia mtu mmoja, safu ya mbele, na mimi nilikuwa nikimwonyesha picha za Asia.

Alifungua dirisha, akalifunga tena kwa sababu ya vumbi. "Basi wasibebe mabango," akasema.

Hawakubeba. Tulikwenda wote kwa miguu, tukajipanga nyuma ya ukumbi ambamo watu walikuwa wameketi tangu asubuhi. Mbele walikaa wazee wa koo, na ofisa kijana mwenye kompyuta. Kulikuwa na utaratibu, na sehemu kubwa ya siku ilikuwa ya kuchosha. Wanafunzi wangu walidhani wataona makelele. Waliona watu wakijibu jina la babu, jina la baba wa babu, kisima walichokuwa wakinywesha, chifu wa wakati ule, shule, na kurudi kukaa.

Mama yake Abdullahi alipoitwa alisimama kwa taabu. Ni mwanamke mrefu, na siku ile alivaa buibui jipya ambalo mikunjo yake ya dukani ilikuwa bado inaonekana. Ofisa hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. Alimuuliza, "Mama, kwa nini uliidanganya serikali?"

Kiswahili chake ni kile cha kusema na watu wa ofisi tu. "Mimi nabeleka watoto kambi juu ya njaa," akasema. "Hii mtoto ni ya Kenya. Baba yake Kenya. Mimi Kenya."

"Lakini ulisema umetoka ng'ambo ya mpaka."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Alimtazama kidogo. "Wewe ukiona mtoto yako nakufa, wewe naanza kuuliza hii chakula ni ya nani?"

Ofisa aliandika kitu. Mzee mmoja akasema kwa Kisomali kwamba anamfahamu baba wa mumewe, kwamba walichunga pamoja, na wengine wakaitikia. Abdullahi alikuwa amesimama kando ya mama yake, anatazama sakafu. Huwa nawaambia wanafunzi wasikilize kwa makini. Sikuhitaji kuwaambia siku ile.

Tukitoka, ofisa aliwaona wanafunzi wangu na akamuuliza mmoja wao, Mwende, msichana wa Kitui, "Nyinyi mnafanya nini hapa?"

"Tuko darasani, afande," Mwende akasema.

Njiani kurudi chuoni Mwende alitembea na mimi. Akaniambia yeye alipata kitambulisho chake kwa siku moja, shuleni kwao, wakipanga foleni na kutaniana. "Mimi sikuulizwa hata jina la babu yangu, Mwalimu. Na wangeniuliza, ningelazimika kumpigia mama simu."

Tangu hapo kozi ikabadilika. Si mimi niliyeibadilisha kwa busara yoyote. Wanafunzi hawakutaka tena picha. Mada zilibaki zile zile, lakini kila mada ilianzia mahali tulipokuwa tumesimama: soko la mifugo, mto unapofurika, kizuizi cha polisi ng'ambo ya daraja, kwenye njia ya Nairobi. Kijana mmoja wa Takaba alifuatilia ngozi ya mbuzi wa baba yake mpaka nchi inakoshonwa viatu. Mwende aliwaandikia wanafunzi wa lile kongamano, na wachache wakajibu, na safari hii hawakuomba kisa cha kusikitisha, waliulizwa swali na wakalazimika kulijibu: kwenu nani hana karatasi, na mmekaa naye darasa moja? Mmoja akajibu baada ya muda mrefu kwamba alikuwa hajui, na amekwenda kuuliza, na yupo.

Lakini kitambulisho cha Abdullahi hakikutoka. Aliambiwa angoje. Akamaliza shahada yake, mmoja wa wanafunzi bora wa kitivo, akingoja. Shule moja ya Nairobi ilimwita kwa mahojiano. Akawaomba wamhoji kwa simu, wakakataa. Hakwenda. Bila kitambulisho angeteremshwa pale kizuizini ng'ambo ya daraja, arudishwe mjini kwa miguu. Ilishamtokea mara moja na hakutaka ijirudie. Walimwajiri mwingine.

Ndipo alipoanza kuja hapa alasiri kukufundisha. Mimi ndiye niliyemwomba. Ulikuwa unaanguka hesabu kila muhula na unalia, na yeye alikuwa na subira. Ulimpenda kwa sababu hakukufokea. Ulifikiri ni mwalimu wa jirani mwenye muda. Nasteha, ile alama ya hesabu iliyokupa nafasi ya uhandisi Uturuki uliipata kwa jasho lako, hilo sikunyang'anyi. Lakini ulikuwa na mwalimu wa kiwango kile, kila alasiri, kwenye kochi letu, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kwenda kwingine.

Na kuna jambo la pili. Mwaka wa ule ukame ulikuwa unanyonya. Kama ningekuwa mke wa mfugaji wa Eldas bila kazi, ningekubeba mgongoni nikaenda kambini kama wengine, ningesema natoka ng'ambo, na ungewekwa kidole kwenye mashine ukiwa mkubwa wa kutosha. Sikwenda kwa sababu nilikuwa mwalimu wa sekondari na mshahara ulikuwa unaingia. Hiyo ndiyo tofauti yote iliyoko kati ya pasipoti iliyomo ndani ya mkoba wako na miaka ya Abdullahi. Nimeitafuta nyingine, sikuipata.

Kwa hiyo ukisema unataka kuwa mtu tu, nakuelewa kuliko unavyodhani. Ila nimeona ni nani anayeweza kulisema hilo. Ni mwenye karatasi. Asiye nayo akisema "mimi ni mtu tu", anaambiwa akae pembeni angoje. Sikuambii uache kulisema. Huenda huko ukalihitaji, kuna siku utachoka kuwa balozi wa kila kitu, na siku hiyo sema wewe ni Nasteha unayesomea maji na mabomba, basi. Nakuambia tu kwamba ukiweza kuliweka chini jina la kwenu, ni kwa sababu kuna mtu aliyekuhifadhia.

Nikumalizie habari ya kitambulisho.

Kilitoka. Baada ya kungoja kwa muda ambao hata yeye alikuwa ameacha kuutaja, majina ya watu wengi yalisafishwa kwenye orodha ya wakimbizi, na la kwake likiwemo. Kusema kweli sijui ni nini kilichofanya kazi. Kulikuwa na kesi, na wazee, na waandishi wa habari, na watu wa haki za binadamu. Mkuu wa kitivo, yule mwenye hofu, alikwenda na Abdullahi ofisini kwa gari lake mwenyewe na kuzungumza na mtu kwa Kiswahili cha bara, na akasikilizwa kwa dakika chache alizonyimwa mama yake siku nzima. Labda ilikuwa hivyo. Labda barua za akina Mwende. Labda hakuna hata kimoja kati ya hivyo, ilikuwa zamu tu. Nimejifunza kutodai matokeo.

Siku aliyokichukua hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kituo cha basi akakata tikiti ya Nairobi. Hakuwa na shughuli Nairobi. Alitaka kuvuka. Aliniambia baadaye kwamba alikishika mkononi tangu walipotoka mjini, kikalowa jasho, akakifuta kwa shati. Basi likapita daraja, likafika kizuizini, likasimama. Askari akapanda. Akatazama watu wa mbele, akamwuliza mmoja kitu, akageuka ashuke.

Abdullahi akasimama. "Afande," akasema, "hujaona changu."

"Kaa chini, kijana," askari akasema, na basi likaondoka.

Alinipigia simu basi likiwa linakwenda, anapaza sauti juu ya upepo. "Hawakuniuliza, Mwalimu! Hawakuniuliza!" Mpaka leo siwezi kukuambia kama alikuwa anacheka. Alifika Nairobi, akala, akalala kwa jamaa, akarudi kesho yake. Hapo ndipo alipokuja hapa nyumbani, na wewe ulikuwa ndani unasoma. Ulimsalimia ukarudi chumbani. Kitambulisho kilikuwa mezani wakati ule, kando ya sukari.

Sasa anafundisha sekondari Elwak. Amekwenda mbali zaidi ya mji, karibu kabisa na ule mpaka aliodaiwa kuuvuka, kwa sababu huko ndiko kuna nafasi za walimu wa fizikia. Wiki ijayo wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza wanaripoti chuoni, na jana nilimpigia nikamwomba aje azungumze nao siku ya ufunguzi. Nilikuwa nimeshaipanga kichwani. Nitamtambulisha, atasimulia, watamsikiliza.

"Hapana, Mwalimu," akasema, bila kufikiria. "Nina vipindi."

"Ni siku moja tu, Abdullahi. Chuo kitakulipia nauli."

"Kidato cha pili wana mtihani wa umeme. Hawajaelewa hata kidogo." Nyuma yake nilisikia madawati yanaburutwa, na mtu anaitwa anyamaze. "Tafuta mwingine, tafadhali. Nasteha anaondoka lini?"

"Kesho kutwa."

"Mwambie safari njema. Sasa wananingoja." Akakata.

Nilibaki nimeishika simu. Katika miaka yote niliyomfahamu, hiyo ndiyo mara ya kwanza aliponikatalia jambo nililomwomba, na alinikatalia kama mwalimu yeyote wa Kenya anavyomkatalia mwenzake mwenye mikutano mingi. Nikafurahi, hooyo, kuliko nilivyofurahi kwenye lile kongamano.

Shangazi zako wamefika, nasikia geti, na wewe unacheka huko nje na hina mbichi mikononi. Nitaitia karatasi hii kwenye mfuko wa sanduku lako, uisome ukishafika na ukishalala vya kutosha. Mwenyezi Mungu akuhifadhi kila utakapoulizwa jina lako, na pale pia usipoulizwa.

Mama yako,
Hooyo Habiba